Maji ya Kunawa

Walipotoka makaburini, waombolezaji walipanga foleni langoni kwa Bi Dama ili wanawe mikono, kama ilivyo desturi ya mji ule. Aliyewamiminia maji, kwa birika la bati, ni Bi Dama mwenyewe, ingawa aliyezikwa ni mwanawe. Alikuwa ameangukiwa na daraja ambalo gavana alilizindua mwaka uliopita.

Ikafika zamu ya Gavana Mwachiro, ambaye kesho yake angeapishwa kuwa rais. Alinyoosha mkono wa kulia, ukiwa bado na udongo aliourusha kaburini.

Bi Dama akaliweka birika chini.

"Mazishi ya kwanza uliyokuja hapa ulilia mpaka tukakushika," alisema taratibu. "Leo umerusha udongo huku unatazama saa."

"Pole sana, mama. Najua uchungu wako."

"Unaujua, ndiyo. Ugavana umekufundisha kutuzika, Mheshimiwa. Kesho unapewa nchi nzima."

Hakuna aliyethubutu kuliinua lile birika.

Garini, msaidizi wa gavana alimpa chupa ya maji anawe. Gavana aliitazama kidogo, akairudisha bila kuifungua. Safari ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Barabarani watu walijipanga wakiimba jina lake, watoto wamebebwa mabegani. Alishusha kioo akawapungia mkono wa kushoto. Ule wa kulia, wa kuapia, ulibaki gotini umekunjwa ngumi, na udongo ndani yake ulikuwa bado mbichi.