Wimbo wa Nne

Karatasi ilipenya kwenye tofali la matundu la ukutani, ikagonga usukani wa baiskeli ya Lusia na kudondoka sakafuni. Ilikuwa imefungiwa kokoto ndani.

"Mwalimu, barua yako ya mapenzi imefika," Lusia alisema.

Wanawake saba waliokuwa wakipanda baiskeli za mazoezi waliangua kicheko. Dativa hakucheka. Aliifungua ile karatasi kwa ncha za vidole. Mwandiko ulikuwa uleule, mkubwa, uliolala kushoto.

*Wimbo wa nne utaniua.*

Ilikuwa ya tatu wiki hiyo. Jumatatu ilikuja iliyosema: *Wa pili mrefu mno. Ukate.* Jumatano: *Leo mmechelewa. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja.*

"Jamani, mpaka saa anatupangia!" Dativa aliifinyanga karatasi ikawa kama gololi.

"Si uweke kaswida tu," Lusia alisema, akizungusha miguu taratibu. "Tukanyage huku tunalia."

"Lusia, nyamaza."

Nyuma ya ukuta ule aliishi Bi Mwanaima, mjane wa mzee Bakary, yule aliyesambaza mikate Lindi nzima kwa baiskeli hadi kengele yake ikawa ndiyo saa ya watu kubandika chai. Mzee alikuwa amefariki, na Bi Mwanaima alikuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi za kutotoka nyumbani. Mtaa ulikuwa umekwisha kutoa hukumu: huyu msichana wa kuja hana adabu, anampigia mjane muziki sikioni.

Adabu! Siku arobaini nzima baada ya mazishi, Dativa alilifunga darasa kwa hiari yake, hakugusa hata swichi ya spika. Nani aliyekumbuka hilo? Alipofungua tena alianza na watu wawili. Aliwafikisha saba kwa nyimbo zake, si kwa kitu kingine; baiskeli ya nane tu, ya dirishani, ndiyo iliyobaki tupu.

Na nyimbo hizo hakuziokota. Alitembea nazo masikioni kutoka stendi hadi ufukweni, akihesabu hatua, akitupa hizi na kubakiza zile. Taarabu ya kupasha misuli moto. Dansi la zamani la kushika mwendo. Halafu ule wa nne, singeli, ndio wenye mlima: unakaza breki, unanyanyuka kitini, unapanda mpaka mapaja yawake moto. Wa nne ndio uliowaleta. Ukiutoa, unabaki na wanawake saba waliokaa juu ya vyuma.

Jana Evaristo, mwenye jimu, alizisoma zile karatasi mbili akiwa amesimama mlangoni.

"Huyu anaweka kumbukumbu, Dativa. Saa, nyimbo, kila kitu. Akimpelekea mwenyekiti wa mtaa, nafungiwa jengo zima."

"Kaka Evaristo, nimepunguza sauti mara tatu."

"Ikija karatasi nyingine, darasa lako basi. Baiskeli nauza."

Sasa nyingine ilikuwa imekuja, na Evaristo alikuwa njiani.

Dativa alibonyeza simu. Wimbo wa kwanza ukaanza. Alihesabu kwa sauti, akapiga makofi, akawapigia kelele wazungushe, lakini macho yake hayakutoka kwenye lile tofali. Wa pili hakuukata. Aliuacha mpaka mwisho, makusudi. Wa tatu ulipoisha, katika kile kimya kifupi cha kusubiri wa nne, aliisikia tena ile sauti ya upande wa pili, ileile ya kila siku.

Kri, kri, kri, kri.

Cherehani. Bibi kakaa zake kwenye kivuli anashona, huku anawatungia mashitaka watu wanaotafuta riziki!

Aliufungua wimbo wa nne, akaipandisha sauti ya spika mpaka mwisho.

"Kazeni breki! Pandeni mpaka nirudi!"

"Mwalimu, unakwenda wapi?" Lusia alipiga kelele. "Mwalimu, yule ana msiba!"

"Na mimi nina wangu!"

Alitoka mbio, akauzunguka ukuta, akausukuma mlango wa uani kwa bega. Hakupiga hodi. Hakuandaa shikamoo. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni: kwamba marehemu hakuwa wa mtaa mzima, kwamba mtu mzima hatupi mawe, kwamba kama anataka darasa life aje aseme usoni.

"Bi Mwanaima! Leo utanieleza..."

Kri, kri, kri, kri.

Chini ya baraza hapakuwa na cherehani. Palikuwa na baiskeli ya mzee Bakary, imesimamishwa juu ya stendi, tenga la mikate bado limefungwa nyuma. Gurudumu lilizunguka hewani, likikwaruzwa na kipande cha mpira kilichokazwa kulibana. Juu yake, amenyanyuka kitini, nguo nyeupe ya eda ameikunja mpaka magotini, Bi Mwanaima alikuwa akipanda mlima.

"Marahaba," alisema akihema, ingawa hakuamkiwa. "Funga huo mlango, mwalimu, wanaume wasinione. Na kuhusu huu wimbo nimekuandikia leo hii: mlima haupandwi kwa mbio hizi."

Alijifuta jasho kwa kiganja, asiache kukanyaga.

"Bado siku kumi na tisa nitoke. Baiskeli ya dirishani usimpe mtu."