Maneno Chini ya Chokaa

Mvua za masika ziliosha chokaa, na asubuhi mwalimu Felicitas akakuta ukuta wa uzio wa mbele, uliokuwepo kabla hajanunua, una maneno. Rangi nyekundu, herufi kubwa za mtu asiyezoea kushika brashi: KIWANJA HIKI HAKIUZWI.

Alisimama na ufagio mkononi, akayasoma tena. Kiwanja alikuwa ameshakinunua. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa humo, kwenye kuta zilizofika usawa wa lenta, juu ya madirisha, na chumba kimoja alichokiezeka harakaharaka ili aachane na kupanga Gongo la Mboto.

Akampigia simu Badru, dalali aliyemtafutia kiwanja kile. Badru alifika Goba kwa bodaboda, akaangalia ukuta, akacheka kidogo. Alisema maneno hayo yako nusu ya mji, watu wanaogopa matapeli. Aliyeandika ni marehemu baba yake Rogers, yule kijana aliyeuza. Mzee alikuwa mwoga tu.

Felicitas alitaka kuamini, akaamini. Ndivyo alivyofanya tangu mwanzo. Siku ya kununua aliuliza kama si vizuri kupita kwanza kwa wakili, maana kiwanja kilikuwa bado na jina la marehemu. Badru alimtazama kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mgeni wa mji, na Felicitas amefundisha watoto wa mji huu tangu usichana wake.

"Mwalimu, wakili ni wa watu wenye ugomvi," alimwambia. "Hapa kuna ugomvi gani? Serikali ya mtaa wapo, majirani wapo, Rogers ni mtoto wa kumzaa."

Na kweli walikuwepo. Mwenyekiti wa mtaa aligonga muhuri, majirani wakaonyesha mipaka, soda zikanywewa, watu wakapeana mikono. Katikati ya furaha ile nani angekumbuka kuuliza Rogers ana ndugu wangapi?

Alikuwa na dada. Aliitwa Lusungu, na alifika kutoka Mbeya kabla masika hayajaisha. Hakupiga kelele. Alieleza taratibu kwamba mahakama ilimteua yeye kuwa msimamizi wa mirathi, kwamba Rogers alilijua hilo, na kwamba kiwanja ni cha watoto wote wa marehemu. Kisha akampa Felicitas pole, na pole ile iliuma kuliko tusi. Felicitas alitafuta mahali pa kukaa. Badru, aliyeitwa kwa simu, akamvuta Lusungu pembeni, akachukua namba yake, ili, alivyosema, aendelee kumbembeleza kwa niaba ya mwalimu.

Ndipo Felicitas alipokwenda kwa wakili. Alikuwa mama mmoja mtulivu aitwaye Yustina, akamsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Rogers hakuwa na mamlaka ya kuuza, kwa hiyo hakuuza kitu. Wa kudaiwa ni yeye. Lakini simu ya Rogers ilikuwa haipatikani, na hata mama yake mdogo hakujua alikoelekea.

"Siku ulipotaja neno marehemu, dalali alitakiwa akulete hapa," alisema Yustina. "Hiyo siyo kazi ya dalali kuimaliza."

Felicitas alirudi Goba akiwa hana la kufanya. Alifagia uwanja ambao si wake, akawatupia kuku wake mtama.

Hata hivyo hakumlaumu Badru. Angeanzia wapi? Mtu alikuja karibu kila siku, akaketi naye juu ya tofali, akatikisa kichwa na kusema wametapeliwa wote wawili. Alizunguka jengo akizigusa kuta kwa masikitiko. Aliuliza msingi una nondo za ukubwa gani, na shimo la choo limekwenda chini kiasi gani, na kila alipojibiwa alisikitika zaidi. Ndugu wa Felicitas wenyewe hawakumuuliza mambo hayo.

Ni Badru pia aliyemshauri asimalizie uzee wake kwenye mabenchi ya mahakama kupigania gharama za ujenzi. Lusungu alikuwa tayari kumlipia gari la kuhamisha vitu, basi aondoke kwa amani, Mungu atamlipa. Felicitas akakubali, akaweka sahihi kwamba hadai chochote.

Siku aliyohama alikuwa na tetea mmoja tu aliyebaki, na chumba alichopanga hakikuruhusu kufuga. Akaona ampelekee Badru, nyumbani kwake Temeke. Hakuwa na kitu kingine cha kumshukuru mtu aliyemsimamia kwenye msiba wake.

Mke wa Badru, Naima, alimpokea kwa shikamoo, akampokea na kuku, akamkaribisha kwenye mkeka bila kumjua. Felicitas alisema yeye ni mteja tu, amekuja kutoa shukrani.

"Hayupo, mama, katoka tangu asubuhi kaenda kwa wakili wake," alisema Naima, akimfungua kuku kamba miguuni. "Mume wangu hanunuagi mali ya marehemu mpaka wakili aipekue kwanza, hata kama ni banda la kuku. Leo anamalizana na dada mmoja wa Mbeya, kiwanja kiko Goba. Anasema mfungo ujao tutafungia hukohuko, maana nyumba imeshafika kwenye lenta, na msingi wake una nondo nene."