Wamekuhesabu Huku

Uliiona ramani mpya ya maeneo ya uchaguzi gazetini, ukafungua ukurasa wa michezo. Usibishe.

Earlene aliikata, akaenda nayo gerezani, akaikandamiza kwenye kioo kinachomtenga na mwanawe.

Mwanawe alishika simu ya ukutani, akacheka. "Mama, kumbe mimi mkazi wa huku! Mbona mbunge wangu hajaja kunisalimia?"

"Cheka tu. Mko elfu mbili humo, na hakuna anayeruhusiwa kupiga kura. Wamewahesabu nyinyi kama wakazi wa hapa, watu wa huku wakapata kiti cha bunge la jimbo. Mtaani kwetu watu wakapungua, kiti chetu kikafutwa. Babu wa babu yako, mtumwa asiye na kura, walimhesabu hivihivi shambani, bwana wake akaongezewa kiti."

Kidole cha mwanawe kilitambaa juu ya kioo, kikatua penye gereza kwenye ramani. Ukucha ulilifunika lote. Kicheko kikamkauka.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekunyang'anya kiti, mama?"

Earlene alifungua mdomo. Askari akakata simu.

Wewe huna kioo mbele yako. Daftari la wapiga kura linafungwa Ijumaa. Inuka sasa hivi ukajiandikishe, na jirani yako umburute.