Kata Mbingu

"Futa," Hafsa alisema kwenye simu. "Futa, upige upya. Hiki ulichonitumia ni jengo au nguzo ya umeme?"

Upande wa pili Zaidi alikohoa. Alikuwa Vugiri, juu milimani, kwenye kiwanja ambacho Hafsa aliachiwa na marehemu mumewe, na ambapo sasa alikuwa akijenga shule ya chekechea. Hafsa mwenyewe alikuwa Chanika, ndani ya studio yake ya picha. Kwenye kioo cha simu yake palikuwa na mstari mweusi uliosimama katikati ya weupe mtupu.

"Nimepigia ubavuni, mama mdogo. Nilitaka uone hali halisi."

"Hali halisi ipi, giza? Umepiga ukilitazama jua, ndiyo maana jengo limegeuka kivuli."

"Na ile saruji, mama mdogo, mwenzio nili..."

"Saruji nilileta. Mabati nilileta. Mbao nilileta. Nimeomba picha, sijaomba porojo. Kesho upige jua likiwa mgongoni, tena usimame mbele, kama mtu anayekuja shuleni."

Akakata simu. Mteja aliyekuwa akisubiri picha ya pasipoti akatabasamu kwa woga.

"Watu wamepewa macho mawili," Hafsa alimwambia, "na bado hawaoni. Inua kidevu."

Zaidi alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu. Tangu utoto hakuwahi kumaliza kitu: si shule, si ufundi cherehani, si hata kuchimba choo cha mama yake. Lakini kiwanja kilikuwa ndani ya ardhi ya ukoo, na msimamizi ilibidi atoke katika ukoo. Hafsa alimpa kazi moja tu ambayo aliamini haiwezi kumshinda: kusimamia mafundi na kutuma picha.

Shule yenyewe ilikuwa ya Yusra, binti yake. Yusra alikuwa amefundisha chekechea ya watu Korogwe mpaka akachoka kuitwa "wewe dada" na mwenye shule. Kwa neno la mama yake alikuwa ameshaaga kazini, ameshanunua mikeka na vikombe vya uji.

Picha iliyofuata ilikuja imeinama, kana kwamba mlima mzima ulikuwa unamwagika. Jengo lilikuwa dogo huko nyuma. Mbele kulikuwa na mbuzi, rundo la matofali na suruali ya fundi kwenye kamba.

"Nilikuomba shule, umeniletea gulio," Hafsa alisema. "Chochote kisichosaidia picha, kitoe."

"Chochote?"

"Una masikio, Zaidi."

Jioni ile Yusra alipiga simu. "Shikamoo mama. Nilikuwa nafikiri Jumamosi nipande Vugiri nikaione."

"Marahaba. Upande na mtoto mgongoni, kwenye utelezi ule, ukaone nini? Picha si hizi? Mimi nimekusomesha kwa kuangalia picha."

Yusra hakubishana. Mama yake alikuwa na diploma na ulimi, na ulimi ndio uliotangulia kila mahali.

Kisha ukaja msimu wa ukungu, na picha za Zaidi zikarudi kuwa za kijivu. Hafsa alimpigia akiwa bado hajanywa chai.

"Sikiliza vizuri. Simu yako ni mjinga kama wewe. Ikiona ukungu mweupe inadhani mwanga umezidi, inatia giza. Gusa ukuta kwenye kioo, kisha pandisha mwanga taratibu. Na hii mbingu yote ya nini? Nyeupe kama maziwa, inaua picha. Kata mbingu. Sogea karibu, ukuta ujae."

"Nikikata mbingu, paa halitaonekana, mama mdogo."

"Paa ni bati. Nani hajawahi kuona bati?"

"Kwa hiyo paa si lazima?"

"Si lazima."

"Na ndani?"

"Ndani kunataka taa na ujuzi. Wewe hata jua hujaliweza, unakimbilia ndani! Baki nje. Na mlango usiuweke katikati kama picha ya kitambulisho. Usogeze upande mmoja. Simamisha mtu hapo, ili jicho lijue ukubwa wa jengo."

Tangu siku hiyo Zaidi akabadilika. Picha zilikuja zimenyooka, angavu, safi. Lipu ikaonekana, kisha rangi ya maziwa, kisha mlango mpya. Ya mwisho ilipigwa asubuhi: mwanga wa ubavuni ukilamba ukuta, na mwanamke mmoja akifagia kizingiti. Hafsa aliitazama muda mrefu akitafuta kosa. Alipolikosa, aliichapa kubwa akaitundika studio.

"Hata Zaidi anafundishika," alimwambia Yusra. "Sasa amini shule haijawahi kumshinda mtu, ni uvivu tu."

Juma moja kabla ya kufungua, mama na binti walipanda Vugiri na mizigo yao. Simu ya Zaidi ilikuwa haipatikani. "Atakuwa ameiacha chaji mahali," Hafsa alisema. "Picha amejifunza, akili bado."

Njia ya kiwanjani ilipita katikati ya migomba na kuishia mbele ya shule. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya ukuta, lakini rangi ya maziwa iling'aa, na kizingiti kilikuwa kimefagiliwa. Yusra alianza kulia kwa furaha. Hafsa alitoa simu, akapima kwa jicho, akagundua amesimama palepale aliposimama Zaidi. Hakukuwa na kitu cha kusogeza.

"Futa machozi," alisema. "Leta vikombe."

Akasukuma mlango, wakavuka kizingiti pamoja, wakajikuta katikati ya shamba la maharage.