Maneno Manne ya Siri

Saa saba mchana, watu wote wakiwa chakulani, barua pepe elfu tisa za kitapeli zilitoka tena kwenye seva ya zahanati. "Kisukari kwisha siku tatu!" Na chini yake, jina la zahanati.

Seva za hospitali nyingine zilikwishachoka. Sasa zilikataa kila barua ya zahanati, hata za kweli. Mama mmoja alikuwa na wiki nzima anasubiri majibu ya uvimbe wake. Ukiifunga seva, wagonjwa wanakosa majibu. Ukiiacha wazi, matapeli wanaingia.

"Hakuna aliyevunja," fundi wa seva alimwambia daktari. "Tapeli kapewa ufunguo, neno letu la siri."

"Kikulacho," daktari alisema, akimtazama karani kupitia kioo. "Si mpwa wako huyo? Ulimleta mwenyewe. Kesho jioni simtaki hapa."

Binti yule karani alikuwa amesikia. "Mjomba, hata wewe unaniona mwizi?"

Swali lilimchoma fundi.

Siku zote watu wanne wa zahanati walitumia neno moja la siri. Usiku ule fundi alilifuta nyumbani kwake, akatunga manne. Asubuhi akagawa vikaratasi: daktari chake, muuguzi chake, karani chake. Sasa seva ingemtaja mwenye ufunguo. Lake yeye hakuliandika popote.

Saa saba ikafika. Wenzake wakaenda kula. Yeye akabaki, taa kazima.

Simu ikaita. Tangu fundi apasuliwe tumbo mwaka jana, mkewe hakuacha kupiga saa hiyo kumhimiza akale.

"Mzee wangu, umeshaondoka kwenye hiyo mashine?"

"Niko kantini, natafuna," alidanganya, macho kwenye skrini.

"Afadhali. Na mwizi wenu?"

"Leo leo namshika."

Barua zikaanza kumwagika. Mia. Mia nne. Akasogea asome zimeingia kwa neno la nani.

Si la karani. Akashusha pumzi, nusura aangue kicheko. Si la muuguzi. Wala la daktari.

Lilikuwa lake mwenyewe, lile alilomnong'oneza mtu mmoja tu, mlangoni kwao, asubuhi ile, kama alivyomnong'oneza la zamani, ili siku akianguka ghafla wagonjwa wasikose majibu.

"Tafuna taratibu, mzee wangu," sauti ilimbembeleza sikioni. "Usikimbilie kurudi."