Ajali ya Nyumbani

Miaka hiyo maji ya mtaa wa wafanyakazi yalifuata hesabu ya usalama kiwandani: idadi ya walioumia ikigawanywa kwa saa za kazi. Hesabu ikipanda, mabomba hukauka mtaa mzima.

Mchana ule mashine ya kusaga chokaa ilimponda Sikudhani vidole. Alipofika nyumbani, mkono umefungwa bendeji, alikuta majirani wamejazana mlangoni na ndoo tupu.

"Ungejikaza tu, mwanamke wewe!" Mama Tunu alimfokea. "Wanetu watakunywa bendeji yako?"

Mumewe, Chande, alimvuta ndani. "Ajali ya nyumbani haiingizwi kwenye hesabu," alisema. "Tutasema mlango ulikubana."

"Wenzangu kazini wameniona, Chande."

"Wameona nini? Nao wana kiu."

Akamfungua bendeji bila kumtazama usoni, akaukandamiza mkono wake kwenye mwimo wa mlango mpaka damu ikachirizika. Sikudhani alipiga yowe, lakini hakuna jirani aliyebisha hodi. Mkaguzi wa kiwanda alipokuja aliitazama ile damu mwimoni, akawauliza majirani. Wote waliapa kwamba walisikia mlango ukijibamiza na mwenzao akilia.

Kabla ya magharibi bomba lilikoroma, likatoa maji. Vigelegele vikapigwa uani. Chande alijaza beseni, akamwita mkewe kwa upole aje anawe.

Sikudhani hakusogea. Aliegemea ukuta, mkono ameukumbatia kifuani, akimsikiliza Mama Tunu huko nje akiwaambia wenzake kwamba sasa njia imepatikana.