Inalia Mpaka Inyamaze

Simu ililia tena walipokuwa wakila samaki wa mchana. Naum Grinstein aliendelea kula, macho kwenye sahani, kana kwamba hasikii.

"Ni nani huyu asiyechoka?" Perla, mkewe, aliuliza.

"Alie tu. Ni Sabato."

Nyumba ile haikugusa simu siku ya Sabato, na Wayahudi wote wa mji wa Rosario walijua. Lakini Naum aliamini anamjua mpigaji: don Isidoro, mwenyekiti wa Makao ya Wazee. Alhamisi kamati ilikuwa imemhoji kwa nafasi ya mkurugenzi, kazi aliyoisomea, akaisotea miaka nenda rudi akiwa naibu tu shuleni.

"Na Jumamosi simu ikilia kwako, inakuwaje?" don Isidoro alimtupia swali.

"Inalia mpaka inyamaze."

Kamati ikacheka. Naum hakucheka sana. Watu walisema Fainstein, aliyeomba kazi hiyo kabla yake, alipigiwa Jumamosi moja, akapokea. Jumatatu akaambiwa asante kwa kuja.

Swali la mwisho lilikuwa kama ana ndugu anayeishi Makaoni, maana katiba yao inakataza. Naum akajibu hana. Loo, uongo mtupu! Mama yake mzazi, doña Paulina, alikuwa akiishi palepale Makaoni, chumba cha uani, akitumia jina la mume wake wa pili. Jioni ile Naum alimwendea.

"Mama, wakikuuliza, huna mtoto. Mpaka nipate kazi tu."

"Mtoto huyu! Umezua nini tena?" Bibi akamfinya shavu. "Haya, sina mtoto. Na huyo asiyekuwa mtoto wangu akishakuwa mkurugenzi, aanze na supu, maana ile ni maji ya kuoshea miguu."

Sasa, mezani, simu ikalia. Ikanyamaza, ikalia tena.

"Labda ni mama yako," Perla alisema.

"Mama? Huyo afe kwanza ndipo aguse simu siku ya Sabato. Si unamjua?"

"Sheria inaruhusu, Naum, kama roho ya mtu iko hatarini."

"Na akiwa Isidoro? Nimwambie nilidhani kuna mtu anakufa? Atanitangaza sinagogi nzima."

Perla akanyoosha mkono kuelekea simu. Naum akaukamata. Alitaka kupokea, jamani, alitaka sana. Akakaa. Walipokezana kikombe cha mate, kinywaji cha majani cha kwao, maji ya chupa ya chai yaliyochemshwa tangu Ijumaa yakiwa yamebaki vuguvugu. Alasiri mlio mmoja ukakatika katikati, na hapakuwa na mwingine.

"Umeona?" Naum akapumua. "Kachoka mwenyewe."

Nyota zilipotoka, mshumaa wa kuagia Sabato ukiwa bado unafuka moshi, simu ikalia. Naum akairukia.

"Wiki njema, Naum!" Alikuwa don Isidoro kweli. "Kazi ni yako. Kamati nzima imekubali."

"Kwa hiyo leo... hukuwa unanipima?"

"Mimi? Nipige simu siku ya Sabato? Una wazimu wewe?" Mzee alicheka, kisha sauti ikashuka. "Sikiliza, mkurugenzi. Unaanza na msiba. Kuna bibi amefariki alasiri, nimeambiwa sasa hivi. Kifua kilimbana tangu asubuhi. Daktari akataka kumpeleka hospitali, bibi akagoma, mpaka aongee na mtu fulani kwanza. Ameshinda kwenye simu ya korido anapiga namba ileile, haipokelewi. Muuguzi alipotaka kumpigia, bibi akakataa. Na alikuwa mshika Sabato kwelikweli, watu wameshangaa. Wakimwuliza kama ni mwanawe, anajibu hana mtoto."

Naum akavuta kiti, akakaa.

"Sasa kazi yako ya kwanza ndiyo hiyo," alisema don Isidoro. "Nitafutie huyo mtu aliyekuwa akipigiwa."